Kasoro, Kosa na Tanzia: Juu ya Swali Moja la Mtihani

Liko swali moja ambalo kila aliyesomea fasihi katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki amewahi kukutana nalo, ikiwa si katika karatasi ya mtihani basi katika semina au katika kitabu cha mwongozo. Hubadilishwa jina la mhusika tu: eleza jinsi kasoro ya Macbeth, au ya Othello, au ya Hamlet, ilivyomwangamiza. Mwanafunzi hujibu kwamba Macbeth ana tamaa ya ukubwa, Othello ana wivu, Hamlet husitasita. Hutoa mifano mitatu au minne, akapata alama zake na kuendelea na somo jingine. Makala haya hayakukusudia kuyapima majibu hayo. Yanakusudia kulipima swali lenyewe. Nitadai kwamba swali hili halikutoka katika tamthilia zinazohusika, bali lilizaliwa baadaye sana kwa mahitaji ya darasa. Na kwamba linapoelekezwa kwa baadhi ya tanzia bora za kipindi hicho humfanya mwanafunzi awe wakili wa wauaji pasipo yeye kujua. Madai hayo ni mazito, kwa hiyo hayana budi kutolewa ushahidi. Ushahidi mkubwa nitautafuta katika The Duchess of Malfi ya John Webster, tamthilia ambayo kwetu husomwa na wachache mno.

Tuanze na jina. Neno tanzia, ambalo wahakiki wa Kiswahili wamelitwaa kuitia utanzu huu, katika matumizi ya kila siku ya Waswahili ni habari ya kifo. Tanzia hupelekwa kwa jamaa na marafiki ili wahudhurie maziko. Asili yake ni neno la Kiarabu la kupeana pole, na huko Uajemi neno hilohilo limekuwa jina la michezo ya maombolezo ya Husein bin Ali, aliyeuawa Karbala mwaka 680. Ni neno zuri nami silipingi. Hata hivyo yafaa tutambue kwamba linamwandaa msomaji kwa jambo fulani: kwamba yuko marehemu mmoja, kwamba sote tumekusanyika kwa ajili yake, na kwamba yatakayosemwa yatakuwa juu ya mwenendo wake yeye. Mwanafunzi anayeingia darasani na neno hili tayari anamtafuta marehemu, na akishampata humtafutia sababu ya kufa ndani ya nafsi yake.

Watazamaji wa London wa wakati huo hawakuandaliwa hivyo. Tarehe 21 Septemba 1599 msafiri mmoja kutoka Basel, Thomas Platter, alivuka mto Thames baada ya chakula cha mchana, akaingia katika jumba lililoezekwa kwa nyasi na kutazama tanzia ya Julius Caesar ikichezwa na waigizaji wapatao 15. Aliandika kwamba mchezo ulipokwisha waigizaji walicheza ngoma kwa madaha, wawili wakiwa katika mavazi ya kiume na wawili katika mavazi ya kike. Kaisari ameuawa, Brutus amejiua, na hitimisho ni ngoma. Sisemi kwamba huzuni ya mchezo ilikuwa ya uongo. Nasema kwamba onyesho lile halikuwa matanga.

Wala wachapishaji hawakuwa na maana moja ya neno hilo. King Lear ilipochapishwa mara ya kwanza mwaka 1608 iliitwa historia ya kweli. Katika kitabu kikubwa cha mwaka 1623, ambamo John Heminge na Henry Condell walikusanya tamthilia 36 za mwenzao aliyefariki mwaka 1616, ikaitwa tanzia. Richard III ilitoka mwaka 1597 kwa jina la tanzia, na katika kitabu hichohicho cha 1623 ikapangwa miongoni mwa historia. Cymbeline, ambayo huishia katika kusameheana na kuungana kwa jamaa waliopoteana, ilitiwa katika fungu la tanzia. Nayo Troilus and Cressida haikutajwa hata katika orodha ya yaliyomo; ilichomekwa kati ya historia na tanzia, kana kwamba wapigaji chapa hawakujua waipeleke wapi. Nakumbusha haya kwa sababu miongozo yetu huanza kwa kutoa fasili ya tanzia kisha huipima kila tamthilia kwa fasili hiyo, ilhali watu waliozicheza na kuzichapisha hawakuwa na kipimo kama hicho.

Walichokuwa nacho ni mapokeo kadhaa yaliyochanganyikana. Walikuwa na Seneca, ambaye tanzia kumi zilizokuwa zikinasibishwa kwake zilikusanywa kwa Kiingereza na Thomas Newton mwaka 1581. Kwake walijifunza mizuka inayodai kisasi na hotuba ndefu za ghadhabu. Walikuwa na visa vya kuanguka kwa wakubwa, kama vile A Mirror for Magistrates ya mwaka 1559, ambamo wafalme na makabaila wa zamani husimulia wenyewe jinsi gurudumu la bahati lilivyowageukia. Tena walikuwa na michezo iliyopata watazamaji wengi mno, na wa kwanza katika hiyo ni The Spanish Tragedy ya Thomas Kyd, iliyochapishwa mwaka 1592. Mhusika wake mkuu, Hieronimo, ni hakimu ambaye mwanawe ameuawa na ambaye, pamoja na kuwa hakimu, hawezi kupata haki katika baraza la mfalme wake kwa kuwa wauaji ni watu wa nasaba. Anayeuliza kasoro ya Hieronimo ni ipi huenda akapata jibu. Lakini amekwisha kulipita jambo lenyewe, nalo ni kwamba mwenye kutoa haki hana pa kuidai.

Basi swali la kasoro limetoka wapi? Jibu la haraka ni kwamba limetoka kwa Aristotle, na jibu hilo ni nusu tu ya ukweli. Ili kuipata nusu ya pili yatupasa tutazame jinsi tamthilia hizi zilivyoingia chuoni, maana hazikuingia kwa urahisi. Kweli toleo la kwanza la Hamlet, la mwaka 1603, linajigamba katika ukurasa wa jina kwamba mchezo huo umeonyeshwa katika vyuo vikuu vya Cambridge na Oxford. Lakini kuonyeshwa katika mji wa chuo si kusomwa chuoni. Mwaka 1612 Thomas Bodley, mwanzilishi wa maktaba kuu ya Oxford, alimwandikia mkutubi wake akimkataza kuingiza vitabu vya michezo, kwa kuwa aliviona takataka zitakazoiaibisha maktaba. Kile kitabu kikubwa cha 1623 kilipokelewa hata hivyo, lakini toleo jipya lilipotoka miaka ya 1660 nakala hiyo iliondolewa, na maktaba ikalazimika kuinunua tena mwaka 1906 kwa pauni 3,000. Shahada ya Kiingereza ilianzishwa Oxford mwaka 1894 tu. Miaka kumi baadaye, mwaka 1904, A. C. Bradley, aliyekuwa Profesa wa Ushairi hapo, alichapisha mihadhara yake juu ya tanzia nne za Shakespeare, na kitabu hicho ndicho kilichoyatawala madarasa ya Kiingereza kwa muda mrefu, ya huko na ya huku.

Bradley hakuwa mtu wa kurahisisha mambo. Alisema wazi kwamba ile sifa inayomwangamiza shujaa ndiyo hiyohiyo iliyo ukuu wake, na aliandika kwa uchungu juu ya jinsi mema yanavyoteketea pamoja na maovu. Lakini alizisoma tamthilia kama mtu anayesoma riwaya, akiwaza juu ya nafsi za wahusika kana kwamba wanaendelea kuishi baada ya kutoka jukwaani, na L. C. Knights alipomdhihaki msomaji wa namna hii katika insha yake ya 1933, kwa kuuliza Bibi Macbeth alizaa watoto wangapi, tabia hiyo ilikuwa imekwisha kuota mizizi. Wanafunzi wa Bradley walichukua kilicho chepesi kubebeka. Mtihani hupenda jibu linaloweza kuthibitishwa kwa kitabu kimoja, katika saa moja, pasipo jukwaa, pasipo watazamaji na pasipo historia. Tabia ya mtu mmoja hutimiza masharti hayo yote. Hivi ndivyo kasoro ilivyokuja kuwa mali ya mitihani, na kwa njia ya mitihani ya London, ambayo Makerere ilifungamana nayo tangu mwaka 1949, ikawa mali yetu pia.

Hapa wanaisimu wataniruhusu nikae kidogo, kwa sababu jambo la lugha linahusika. Neno alilolitumia Aristotle ni hamartia, na kitenzi chake katika Kiyunani cha kale kilitumika kwa mpiga mshale aliyekosa shabaha. Aristotle anasema kwamba mtu anayefaa kwa tanzia haanguki kwa sababu ya uovu bali kwa sababu ya hamartia fulani. Yaani neno limewekwa makusudi dhidi ya upotovu wa tabia. Karne kadhaa baadaye waandishi wa Agano Jipya walilitumia neno hilohilo kwa maana ya dhambi, na wasomaji wa Ulaya waliokwisha kulizoea katika Biblia hawakuweza tena kulisoma kwa Aristotle bila ya kusikia mwangwi wa dhambi. Katika Kiingereza cha darasani likageuka kuwa ufa katika tabia, kama ufa wa chungu. Nasi tulipoutafsiri ufa huo tukachagua kasoro.

La ajabu ni kwamba Kiswahili kilikuwa na neno lililo karibu zaidi na la Kiyunani kuliko lile la Kiingereza. Kukosa, kwetu, ni kufanya visivyo, ni kukosea mtu, ni kutopata, na ni kutoipata shabaha. Mwindaji hukosa na mtu hukosa, kwa kitenzi kimoja. Kosa ni tendo: lina wakati wake, mahali pake, na watu waliokuwapo. Kasoro si tendo. Kasoro ni upungufu uliomo tayari katika kitu, kama tunavyosema saa tatu kasoro robo. Mwenye kosa ametenda jambo katika dunia yenye watu wengine, ambao nao wametenda yao. Mwenye kasoro amekuja duniani akiwa pungufu, na yatakayompata yalikuwa yakimngoja. Kwa kuchagua neno la pili tulitafsiri somo la Kiingereza la karne ya 19, hatukumtafsiri Aristotle, wala hatukumtafsiri Shakespeare, ambaye hakuna dalili thabiti kwamba alimsoma Aristotle juu ya tanzia.

Sasa tuje kwa Webster. The Duchess of Malfi ilichezwa na watumishi wa Mfalme, ndio kundi la Shakespeare, mnamo mwaka 1613 au 1614, katika jumba lao la ndani la Blackfriars na katika jumba la wazi la Globe, ikachapishwa mwaka 1623. Dachesi, yaani mke wa mtawala wa jimbo, amefiwa na mumewe angali kijana. Ndugu zake wawili, Ferdinand na Kadinali, wanamkataza kuolewa tena. Yeye anamwita Antonio, msimamizi wa nyumba yake, mtu mwaminifu asiye na ukoo mkubwa, akamvisha pete na kufunga naye ndoa kwa kutamkiana maneno mbele ya shahidi mmoja, mtumishi wake Cariola. Ndoa ya namna hiyo, ijapokuwa haikufungwa kanisani, sheria ya Uingereza ya wakati ule iliitambua kuwa inawafunga waliotamkiana. Wanapata watoto watatu kwa siri. Jasusi wa ndugu zake, Bosola, anaigundua siri; Dachesi anakamatwa, anateswa kwa vitisho vya ajabu, kisha ananyongwa jukwaani, na baada yake Cariola na watoto wawili wadogo.

Mwulize mwanafunzi aliyefunzwa vyema kasoro ya mhusika huyu ni nini. Hatakaa kimya, somo limemfundisha kwamba lazima iwepo. Ataandika kwamba Dachesi aliongozwa na tamaa, kwamba alimficha ndugu yake jambo la nyumba, kwamba alishuka hadhi kwa kuolewa na mtumishi, kwamba alisahau wajibu wa cheo. Insha za namna hii nimezisahihisha, tena nyingine zimeandikwa kwa lugha safi. Tatizo lake ni kwamba kila hoja iliyomo imekwisha kusemwa katika tamthilia yenyewe, nao wanaoisema ni Ferdinand na Kadinali. Mwanafunzi amefika pale walipofika wao, kwa njia ileile, akapewa alama kwa kufika huko.

Zaidi ya hayo, amemrudisha Webster nyuma. Kisa hiki kilitokea kweli Italia mwanzoni mwa karne ya 16. Kiliandikwa na Bandello, kikapanuliwa kwa Kifaransa na Belleforest, na kikaingia Kiingereza mwaka 1567 katika kitabu cha William Painter. Painter, akimfuata Belleforest, humlaumu mwanamke kwa kirefu: hueleza ashiki yake na kuwaonya wanawake wa cheo wasifuate mfano wake. Webster alikisoma kisa hicho, akachukua matukio, akaiacha lawama, au tuseme akaitoa katika kinywa cha msimulizi na kuitia katika vinywa vya watu ambao jukwaa linatuonyesha ni akina nani. Huo ndio ubunifu wake mkubwa katika tamthilia hii, na swali la kasoro linaufuta.

Tazama jinsi alivyoupanga mchezo. Hotuba ya kwanza yenye uzito, ya Antonio aliyetoka Ufaransa, ni juu ya baraza la mtawala: hulilinganisha na chemchemi ya watu wote, ambayo ikitiwa sumu karibu na chanzo chake, maradhi na mauti huenea nchi nzima. Dachesi hajatamka lolote bado, na tayari tumeambiwa tukitafute chanzo mahali gani. Kisha huja upekuzi. Bosola, akishuku kwamba bibi yake ni mjamzito, humletea matunda ya aprikoti na kumtazama akiyala kwa uroho, ili mwili wake umsaliti. Hatuna mfano bora zaidi wa mhakiki wa kasoro kuliko mtu huyu, aliyelipwa ili akae karibu na mtu na kuchungua upungufu wake. Katika tendo la nne Dachesi hupewa gizani mkono wa maiti aushike akidhani ni wa ndugu yake. Huonyeshwa sanamu za nta za mumewe na watoto wake kana kwamba wamekufa. Huletewa wendawazimu wacheze mbele yake. Watazamaji wanangoja avunjike. Wauaji wanapokuwa wamekwisha kuingia na kamba, yeye anamwagiza Cariola ampe mtoto wake wa kiume dawa ya mafua, na ahakikishe msichana amesali kabla ya kulala. Sijui fasili ya tanzia iliyo na nafasi ya dawa hiyo ya mafua. Na bado, nionavyo mimi, hapo ndipo uzito wote wa tamthilia ulipo.

Halafu Ferdinand huingia na kuitazama maiti. Hufichua kwamba walizaliwa mapacha, tena hukiri kwamba alitumaini kurithi mali nyingi kama dada yake angalikufa mjane. Hatimaye humgeukia Bosola na kumuuliza aliyatenda haya kwa mamlaka gani: je, yeye Ferdinand alikuwa hakimu wake? Je, iko mahakama iliyomhukumu? Bosola hujibu kwamba ni kwa mamlaka ya Ferdinand mwenyewe, lakini malipo yake hapewi. Muuaji mwenyewe, kwa kinywa chake, amesema kwamba hapakuwa na kesi. Sisi tuliokaa darasani karne nne baadaye ndio tunaoifungua kesi hiyo, tunamleta marehemu kizimbani, na tunamkuta na hatia.

Huenda ikasemwa kwamba nimechagua tamthilia inayonifaa, na kwamba Shakespeare ni jambo jingine. Basi tumtazame Othello. Mwaka 1693 Thomas Rymer aliuliza tanzia hii inafundisha nini, akajibu kwa kejeli kwamba ni onyo kwa mabinti wa watu wakubwa wasitoroke na watu weusi bila idhini ya wazazi wao, na onyo kwa wake wema waangalie vitambaa vyao. Wahakiki wamemcheka Rymer kwa miaka mingi. Lakini Rymer aliliuliza swali letu, tena kwa uaminifu kuliko sisi, akalifuata mpaka mwisho wake. Ukimtafutia Desdemona kasoro utaipata palepale alipoiona Rymer: amemkaidi baba yake. Nani mwingine ameiona? Ni Brabantio, anayemwonya Othello kwamba aliyemdanganya baba ataweza kumdanganya mume. Kisha ni Iago, anayelidaka neno hilo na kulirudisha katika tendo la tatu wakati anaposuka hila yake. Na kasoro ya Othello mwenyewe? Iago ameitaja mapema: Othello ni mtu mweupe wa moyo, hudhani kila anayeonekana mwaminifu ni mwaminifu. Sifa njema ndiyo kamba ya kumfungia. Uchunguzi wa kasoro ndani ya Othello ni kazi ya Iago. Ndiyo sanaa yake.

Wapo waliotazama kwa jicho jingine. Mnamo Septemba 1610 mwanachuo mmoja wa Oxford, Henry Jackson, aliwatazama watumishi wa Mfalme wakicheza Othello mjini humo, na katika barua ya Kilatini alieleza kwamba Desdemona aliigiza vizuri siku zote, lakini aliwagusa watu zaidi alipokuwa amekwisha kuuawa, amelala kitandani, na uso wake peke yake ukiwaomba watazamaji huruma. Desdemona huyo alikuwa mvulana aliyevaa kike, maana waigizaji wa kike hawakuonekana katika majumba ya michezo ya umma ya Uingereza mpaka mwaka 1660. Jackson anasema juu ya mke, si mvulana. Hauzi kasoro, hakuna hata neno moja la hukumu katika maelezo yake. Ni ushahidi mfupi, lakini ni wa mtu aliyekuwapo, na aliyekuwa mwanachuo.

Tena kuna jambo la matini. Othello ilichapishwa mwaka 1622, kisha katika kitabu kikubwa cha 1623, na toleo la pili lina mistari ipatayo 160 isiyokuwamo katika la kwanza. Miongoni mwa iliyozidi ni wimbo wa Desdemona wa usiku wa mwisho, na sehemu ya maneno ya Emilia ambamo anasema kwamba wake wakianguka makosa ni ya waume zao. Mwalimu anayetumia toleo moja bila kulitaja la pili amelificha darasani swali lilelile tunalolijadili, kwa sababu hapo tamthilia yenyewe inashindana na nafsi yake juu ya kosa ni la nani. Wasomi wa Kiswahili hawana haja ya kustaajabia hali hii. Aliyefanya kazi na hati za Al-Inkishafi anajua kwamba nakala mbili zaweza kutofautiana bila ya moja kuwa ya uongo. Naye Julius Nyerere aliitafsiri tanzia ya Kaisari mwaka 1963, akairekebisha mwaka 1969. Anayezisoma tafsiri hizo bega kwa bega atajifunza mengi kuliko anayeisoma moja.

Ni haki niseme pia kwamba liko la kweli katika swali la kasoro. Kwa Macbeth linafaa, na Makbeth ya Samuel Mushi, iliyotoka mwaka 1968, imelifanya liweze kujadiliwa kwa Kiswahili. Macbeth anajijua, anayataja mwenyewe yanayomsukuma na anaendelea. Kwa Faustus wa Marlowe pia linafaa kwa kiasi, ijapokuwa matoleo ya 1604 na 1616 hayakubaliani sana juu ya jinsi mashetani wanavyomshika. Madhara yalikuja tulipofanya mfano mmoja kuwa sheria ya utanzu mzima, na mfano wenyewe ni wa mtu anayeshika upanga. Wasioshika upanga hawaenei humo, isipokuwa kwa kulaumiwa.

Haya yatuhusu kwa njia ya karibu zaidi kuliko inavyodhaniwa. Tarehe 24 Oktoba 1968 Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka uliotaka Idara ya Kiingereza ya chuo cha Nairobi ivunjwe, na fasihi ya Afrika, pamoja na simulizi zake, iwekwe katikati ya mafunzo. Vitabu vilibadilishwa, na ilikuwa sawa vibadilishwe. Lakini swali halikuondoka pamoja na vitabu. Lilihama likaingia katika masomo ya Kiswahili, na leo mwanafunzi huulizwa kasoro ya Kinjeketile katika tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969. Hujibu kwamba Kinjeketile alikuwa na mashaka, au kwamba aliwaachia watu waamini maji kupita kiasi. Vita vya Maji Maji, vya 1905 hadi 1907, vilivyopiganwa kwa mikuki na magobole dhidi ya bunduki za rasharasha, vinageuka kuwa matokeo ya upungufu wa nafsi ya mtu mmoja. Mjerumani hatajwi. Na yule aliyekataa, mwishoni mwa mchezo, kutamka kwamba maji ni uongo, ingawa kukataa huko kulimgharimu, anaandikiwa alama ya kasoro.

Kwa hiyo sipendekezi tanzia hizi za Kiingereza ziachwe. Napendekeza zifundishwe kwa swali jingine, na zisomwe kwa sauti na kwa miguu: nani yuko jukwaani, nani amenyamaza, nani ameingia na kamba. Badala ya kuuliza kasoro ya mhusika ni nini, tuulize ni nani wa kwanza kuitaja kasoro hiyo katika mchezo, anamtajia nani, na anapata nini akiaminiwa. Swali hilo linaulizika katika Othello, katika Malfi, katika The Spanish Tragedy na katika Kinjeketile. Linaulizika hata katika Macbeth, ambako mke ndiye anayemwambia mumewe amepungukiwa uanaume, na kwa neno hilo anampata. Mtahini atalalamika kwamba majibu yatakuwa mengi mno kusahihishika kwa mwongozo mmoja. Ni kweli, na kazi ya kusahihisha itakuwa ngumu.

Nimebakiza tendo la tano la Malfi, ambalo miongozo hulilaumu kwa kuwa mhusika mkuu amekwisha kufa na mchezo unaendelea bila yeye. Wanaume wanauana katika giza lao wenyewe: Antonio anauawa kwa bahati mbaya na Bosola aliyetaka kumwokoa, Kadinali na Ferdinand wanaangamia, Bosola naye. Kisha rafiki wa Antonio huingia akimleta mtoto mkubwa wa Dachesi na Antonio, aliyenusurika, na kuwataka waliobaki wamsimamishe katika haki ya mama yake. Lakini katika tendo la pili tulisikia utabiri wa nyota uliopigwa usiku mtoto huyo alipozaliwa, na Bosola ndiye aliyeuokota na kuusoma: maisha mafupi, kifo cha nguvu. Webster hakuufuta utabiri huo. Anamsimamisha mtoto mbele yetu, mzima, hajatenda jambo lolote jema wala baya, na kwa mtoto huyo mchezo unakwisha.